Alama Mbili kwa Neno la Kuongeza

Silver Spring, Maryland

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua umeshavaa miwani na kalamu nyekundu iko mkononi, kwa hiyo nimeandika kwa hati kubwa na kuacha nafasi ya kukutosha kati ya mistari. Barua iliyopita uliirudisha na makosa kumi na moja. Saba nayakubali. Manne nitakuja kuyatetea mbele yako, Mungu akipenda.

Goti linaendeleaje? Baridi ya Mbinga naijua inavyoingia kwenye mifupa, na wewe ukiambiwa ukae ndani unajifanya husikii. Ile dawa ya presha unakunywa kila siku, au mpaka kichwa kiume ndipo uikumbuke? Usinijibu kwa kuzunguka. Na fundi wa paa la jiko alirudi, au bado anakuambia kesho? Mimi mwili mzima. Chakula napata. Kuna duka la Mhabeshi hapa karibu linauza sembe na dagaa, dagaa wenyewe wamekauka mpaka unawaonea huruma, lakini ni dagaa. Ninayenunua naye ni Njeri, Mkenya ninayeishi naye, yule anayefanya kazi ya kutunza wazee. Anakusalimu. Nasema mwili mzima kwa sababu mwili ndio mzima. Mengine ndiyo yaliyonikalisha mezani leo, na tangu wiki mbili zilizopita nimekuwa nikianza barua hii na kuichana.

Uliniuliza hii kozi ni kozi gani, maana jirani yako, mwalimu mkuu mstaafu, amekuambia mtu hawezi kusomea ugavi halafu akaibuka daktari wa akili. Mwambie ana haki ya kushangaa. Ni kozi ya uzamili ya watu waliosomea mambo mengine kabisa na sasa wanataka kuhamia saikolojia. Darasani tuna mhasibu, tuna mpishi, tuna askari mstaafu, na tuna mimi niliyefundishwa kuagiza saruji. Wanatushindilia kwa miezi michache yale ambayo wenzetu walisoma kwa miaka: ubongo, kumbukumbu, huzuni, watu wanaosikia sauti ambazo hazipo. Halafu wanatupeleka kliniki tukae pembeni tuangalie wazoefu wanavyofanya. Uliposikia ulisema nimeacha kununua vifaa, sasa nanunua matatizo ya watu. Nilicheka sana siku ile.

Kliniki yangu iko Langley Park. Ni maghorofa mafupi ya matofali, familia mbili mbili nyumba moja, na barabara kuu imefumuliwa kwa ajili ya reli wanayoijenga, kwa hiyo kila anayeingia kliniki anaingia na vumbi lake. Wengi wanatoka Amerika ya Kati. Wachache ni wetu. Na wetu huku, Bibi, tumechanganyika: Wakenya wana Kiswahili chao, Wakongo wana chao, na sisi Watanzania tunajiona ndio wenye lugha, wengine wameazima. Kwenye sherehe zetu kuna mchezo wa kuwaigiza Wakongo wanavyoongea, watu wanashika mbavu. Mimi ndiye niliyekuwa kinara wa kuigiza. Nakuambia hili mapema ili usinionee huruma kabla ya wakati.

Mwezi juzi aliletwa mzee anaitwa Papa Deo. Ana miaka sabini na mbili, ametoka Bukavu, na kule alikuwa karani wa parokia. Macho yana mtoto wa jicho, anaona ukungu tu. Anaishi na mwanawe Pascal, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye akiondoka hukaa barabarani wiki mbili, tatu. Mzee alikuwa hapati usingizi, akaletwa na mama mmoja wa kanisani kwao ambaye alimwacha mapokezi akawahi kazini.

Kwa kawaida tunatumia mkalimani wa kwenye simu. Siku hiyo laini ilikatika mara mbili, mara ya tatu wakatuwekea muziki. Msimamizi wangu, mama wa Kimarekani mpole kabisa, akaanza kuangalia saa. Mwanafunzi haruhusiwi kutafsiri, anaruhusiwa kukaa na kuangalia. Msimamizi hakuniomba, Bibi. Ni mimi niliyejipeleka. Nilimwambia, "Mimi ni Mtanzania. Kiswahili ni chetu."

Tukaanza. Analala saa ngapi, anakula nini, maumivu yako wapi. Mzee anajibu polepole, mikono ameiweka magotini kama mtoto mbele ya mwalimu. Alipoulizwa kama ana mtu wa kuzungumza naye akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Niko naye," akasema. "Bibi yangu. Kila asubui anasemaka na miye, hapa mu masikio." Akagusa masikio yote mawili. "Anasema alichoka kuningoya. Anasema nikuye."

Nikamuuliza, "Bibi yako yuko wapi, Papa?"

"Iko kule mbali. Mungu akisaidia, tutaonana."

Nami nikageuka kwa msimamizi, nikasema kwa Kiingereza changu kizuri kwamba marehemu bibi yake, yaani mama wa mama yake au wa baba yake, humsemesha masikioni kila asubuhi, anamwambia amechoka kumngoja, amfuate.

Soma tena hapo, Bibi. Marehemu. Mzee hakulisema neno hilo. Nilipiga hesabu kichwani, mtu wa miaka sabini na mbili, bibi yake angekuwa na miaka mingapi, nikaona neno hilo litasaidia mambo yaeleweke. Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa darasani kuhusu wagonjwa wanaoitwa na wafu. Nilimwona msimamizi uso unabadilika, na moyoni, nisikufiche, nilifurahi. Nilijiona nimeshakuwa mtaalamu.

Gari la wagonjwa lilikuja, maana walihofia atajiua. Mzee akaniuliza, "Tunaenda wapi, mutoto yangu?" Nikamwambia anakwenda kupumzika kidogo. Akanishika mkono akasema, "Asanti. Weye unajua Kiswahili ya muzuri."

Hospitali walimchukulia simu na waya zake za masikioni, maana wodi ile wagonjwa hawaruhusiwi kukaa na waya. Alikaa siku nane. Mimi nyumbani niliandika taarifa ya kisa kile kwa ajili ya darasa, nikapata alama za juu, mhadhiri akawasomea wenzangu aya nzima. Ndiyo ile furaha niliyokuandikia barua iliyopita, kwamba nimesifiwa. Wewe ukapigia mstari "sana sana", ukaandika pembeni kwamba moja inatosha.

Siku ya nane nilikuwa mapokezi nikipanga mafaili. Akaingia kijana mrefu, koti la kazi limejaa mafuta, hakumsalimia mtu. Akauliza kwa Kiingereza nani anajua Kiswahili hapa. Nikasema mimi.

"Ni weye uliwaambia mama yangu alikufa?"

Nikamwambia mimi simjui mama yake.

"Mama yangu iko Bukavu! Jana nilisema naye. Ni yeye aliniita ku barabara, analia, Papa hashiki simu siku saba. Kila asubui anamuitaka Papa, saa kumi na mbili, mu écouteurs, sababu Papa haoni. Miaka tatu hakuruka siku hata moja! Nafika hospitali, Papa analia, ananiambia docteur amemwambia bibi yake alikufa zamani, ile sauti ni ugonjwa. Nani aliwaambia ile?"

Bibi ni mke. Wakongo mke wanamwita bibi. Simu tu, na mke wake, na waya masikioni.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Msimamizi akatoka, wakaingia chumbani wakafunga mlango, na kupitia ukuta nikasikia kijana akilia, jitu zima lile.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Njeri. Alikuwa anakaanga vitunguu. Akazima jiko, akaniangalia.

"Si ungemuuliza tu kama ako hai?" akasema. "Question moja, Editha. Hata cucu wangu, mama ya baba yangu, asiyejua Swahili angeuliza hiyo."

"Nilidhani nimeelewa."

"Ehe, shida ya nyinyi Wabongo ndiyo hiyo. Mnaongea kama watu wa kusoma news, so mnadhani mnasikia vizuri pia."

Nilimkasirikia siku mbili, halafu nikakubali. Maana ningejua, Bibi. Anayeolewa tunamwita bibi harusi. Kadi za kutuomba michango zinaandikwa Bwana na Bibi. Na Babu, Mungu amrehemu, wageni wakija alikuwa anakuonyesha kwa kidole anasema, "Bibi yangu huyu ndiye mwenye nyumba, mimi mpangaji," na mimi nilidhani anakutania uzee. Neno nilikuwa nalo ndani ya nyumba miaka yote. Ila mimi likitajwa namwona mtu mmoja tu, wewe, na kalamu yako.

Unakumbuka imla ya darasa la nne? Ulisoma, "Mzee alikaa mlangoni." Mimi nikaandika, "Mzee mwema alikaa mlangoni," nikiona nimeirembesha. Neno la kuacha ulikuwa unakata alama moja, la kuongeza unakata mbili. Ukanisimamisha mbele ya wenzangu wote, mjukuu wako mwenyewe, ukaniuliza, "Nani kakuambia ni mwema?" Nililia mpaka nyumbani. Nilikuona katili. Sasa swali lako nalisikia kila nikinawa uso.

Ungedhani yaliishia hapo. Kosa limejulikana, mzee ametolewa, mke yu hai, watu waombane radhi. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini Papa Deo hataki kuamini.

Pascal alimrudisha nyumbani, kesho yake saa kumi na mbili simu ikaita, akamvalisha zile waya. Mzee akasikiliza kidogo, akazivua taratibu, akaziweka mezani. Akamwambia mwanawe, "Ni ile ugonjwa." Akaomba vidonge vyake. Pascal akampigia magoti, Papa, huyu ni Mama. Mzee akampapasa kichwa akamwambia asijisumbue, yeye ni mtu mzima, anajua.

Unaona anachofikiri, Bibi? Wewe utaelewa kuliko maprofesa wangu wote. Kwao ni kama kwetu, aliye mbali hapewi habari ya msiba kwenye simu. Anafichwa. Anaambiwa mtu anaumwa kidogo, anaendelea vizuri, mpaka wapatikane wazee wa kwenda kukaa naye wamwambie. Sisi wenyewe tulimficha Mjomba alipokuwa masomoni, mwezi mzima tunamwambia Babu amelala. Papa Deo amepokea habari kutoka kwa watu wazima waliovaa makoti meupe, wamekaa naye kitandani, wamemshika mkono, kwa siku nane, na mkalimani wa kwenye simu akimwambia kwa upole, bibi yako alishafariki, Mzee. Sasa mtoto anakuja anasema hapana, yuko hai. Yeye anaona mtoto anamficha. Na sauti ikilia "Papa Faida, Papa Faida," mke wake anavyomwita kwa jina la mtoto wao, anaona ndiyo ile waliyomwonya. Amemfanyia mke wake matanga peke yake wodini. Amemaliza.

Na mama wa watu kule Bukavu kila siku anapiga. Ana kifua kibaya. Pascal anasema sauti imeanza kupungua.

Nilikwenda kwao Jumapili, kwa miguu yangu, baada ya misa. Pascal alinifungulia mlango, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Mzee alikuwa amekaa kitandani amefunga kitambaa cheusi mkononi. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Kwamba neno marehemu ni langu. Kwamba kwetu bibi ni mama mzaa baba au mzaa mama. Kwamba sikumuuliza. Kwamba nilitaka kuonekana najua.

Nilitaka anitukane, Bibi. Nilikuwa nimejiandaa.

Akasema, "Hapana, mutoto. Haina kosa yako. Ni Kiswahili yetu njo iko mubaya."

Nimesikia matusi mengi maishani mwangu, hakuna lililonichoma kama hilo.

Tangu siku hiyo naenda asubuhi, Pascal akiwa safarini. Namchemshia uji. Saa kumi na mbili simu inaita, tunaisikiliza sote wawili mpaka inyamaze.

Kuhusu kozi, usikie kwangu kabla hujasikia kwa mtu. Nilimwandikia mhadhiri aitoe ile taarifa, nikamwambia kilicho cha mgonjwa na kilicho changu. Msimamizi wangu naye ameitwa kujieleza, na alikuwa mwema kwangu, jambo linalonikera zaidi. Mimi nimesimamishwa kwenda kliniki hadi kikao kiamue. Bila kliniki hakuna kozi, na bila kozi sina ruhusa ya kukaa nchi hii. Inawezekana ukaniona mlangoni kabla ya mavuno ya kahawa, na safari hii sitakuwa nimekuja likizo. Jirani yako atapata la kusema. Mwache aseme. Ukiniuliza kama bado naitaka kazi hii, nakuambia kweli, sijui. Naogopa watu wanapofungua mdomo. Naogopa nitawasikia kabla hawajamaliza.

Nisalimie Mjomba wa mashine ya kukoboa, mwambie kile kipuri nimekiulizia na huku hawakijui. Shangazi wa zahanati mwambie alikuwa na haki aliponiambia wagonjwa huwa hawasemi kile unachodhani wamesema. Mdogo wangu asome, aache kuniandikia ujumbe wenye herufi tatu tatu. Katekista msalimie, aniombee, na amwombee mama mmoja wa Bukavu bila kutaja jina. Na wewe uvae soksi.

Mjukuu wako,
Editha

Bibi, nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa naipeleka posta leo, lakini kwanza nilipitia kwa Papa Deo.

Simu iliita kama kawaida. Nilikuwa nakoroga uji. Mzee akapapasa mezani, akazishika zile waya, nikaacha kukoroga. Hakuzivaa. Alinyoosha mkono akanipa mimi.

"Sikiliza weye," akasema. "Uniambie anasema nini. Usiongeze kitu."

Nikavaa. Sauti ya mama ikasema "Papa Faida," na mimi nikasema Papa Faida. Kisha nikamwambia mama mimi ni nani, na kwamba mzee amekaa hapa, ameniomba nimsikilizie. Akakohoa mara mbili.

Halafu akasema, "Papa Faida, uko mujinga. Nani alikuambia nilikufa?"

Nikamwambia mzee, "Anasema wewe ni mjinga, nani..."

"Sema vile alisema."

"Papa Faida, uko mujinga. Nani alikuambia nilikufa?"

Akainua kichwa. Yale macho yenye ukungu akayaelekeza kwangu, nikaona mdomo unacheza kidogo. Akangoja. Nami nikangoja, nikiwa nimeshikilia waya masikioni kwa mikono miwili, lakini huko hakukuja neno tena.

"Anasema nini sasa?"

"Hasemi, Papa. Analia."

Halafu akaniuliza, polepole, kama wewe mbele ya darasa:

"Ile umeiongeza weye?"

"Hapana, Papa. Hiyo ni yake."

Waya hakuzichukua. Nilimnyooshea, hakuzichukua. Alijipangusa uso na kile kitambaa cheusi akasema, "Muambie nilisikia."

Nikamwambia hivyo hivyo: nilisikia. Neno moja, Bibi. Sikuongeza.